Mshindani Wangu wa Ipogolo

Nilikuwa ndani ya eda, nimekaa kwenye mkeka chumbani kwangu Soweto, Mbeya, nilipopigiwa simu na mwanamke mmoja wa Tukuyu ambaye alikuwa akituuzia parachichi tangu tulipoanza biashara. Siku hiyo hakunisalimia kama kawaida yake. Aliniambia yule mzee wa Ipogolo, mshindani wetu kutoka Iringa, amefika kwenye kituo cha kukusanyia matunda, amewakusanya wakulima wangu wote, na amewatangazia kwamba kuanzia siku hiyo mzigo wa kampuni yangu utapita mikononi mwake mpaka atakapowaambia vinginevyo.

"Na ninyi mkasemaje?" nikamuuliza.

"Tukashukuru, mama. Tukasema ndaga. Tungesemaje? Alikuja na lori."

Nilikata simu bila kuaga. Mume wangu alikuwa hajatulia kaburini, na mtu wa Iringa alikuwa ameingia Rungwe, kwa wakulima wetu, mchana kweupe na kuichukua kazi tuliyoijenga wawili. Sikulia. Machozi yalikuwa yamekwisha kwa wakati ule. Iliyobaki ilikuwa hasira, na mimi hasira zangu ziko karibu, hazihitaji kuitwa mara mbili.

Mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na ushei. Sisi watu wa asili ya pwani tuliozaliwa huku juu kwenye baridi tunaikaza eda kuliko wanavyoikaza wenyewe wa pwani, nadhani kwa sababu tunaogopa kusahau sisi ni nani. Wapo masheikh wanaosema mwenye dharura anaweza kutoka mchana akafanye shughuli yake. Mama yangu, aliyekuja kukaa nami, hakutaka hata kulisikia neno dharura. "Dunia itakungoja," aliniambia. Mama hajawahi kuuza tunda linaloiva, kwa hiyo hajui vitu visivyongoja.

Basi nilikuwa na simu na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Ghala letu la kufungashia, kule Ilomba, lilikuwa limefungwa tangu siku ya msiba. Mimi nilikuwa mtu wa mauzo na mawasiliano. Mume wangu ndiye aliyekuwa mtu wa getini, wa kuamua lori gani liingie na mzigo gani urudishwe. Alipoondoka, wafanyakazi walibaki wakitazamana. Na ulikuwa msimu wenyewe, matunda yamelemea matawi. Tulikuwa na mnunuzi mmoja tu mkubwa, kampuni ya Uholanzi, na kila kitu pale ghalani, kuanzia chumba cha baridi mpaka ukubwa wa katoni, kilijengwa kwa ajili yake. Akiondoka yeye, ningebaki na jengo tupu lenye baridi na watoto wanaoniuliza shule inafunguliwa lini.

Huyo mzee wa Ipogolo naye aliiuzia kampuni hiyohiyo. Ghala lake liko kando ya barabara kuu, chini ya mji wa Iringa, na malori yetu yote ya kwenda bandarini yalipita mbele ya geti lake kabla ya kushuka mlima wa Kitonga. Yeye na mume wangu waligombania wakulima, waligombania madereva, na kila walipokutana walichekana. Lakini mwaka lori letu lilipoharibika mtambo wa baridi kule Mafinga, mzigo wetu ulilala kwenye chumba chake. Alipoishiwa katoni, tulimpelekea zetu. Hatukuwekeana saini hata mara moja. Wala Mholanzi hatukumweleza, na si kwamba tulimficha. Hakuna aliyefikiri kwamba kuazimana ni jambo la kumsimulia mtu wa mbali.

Mwaka wa kwanza mama wa Kiholanzi anayesimamia ununuzi alipokuja kutukagua, alimuuliza mume wangu washindani wake ni akina nani. Mume wangu akaona swali la maana. Akapiga simu Ipogolo, na siku ya pili tukala chakula cha mchana watu wanne, pamoja na mshindani. Yule mama hakutaja bei mezani pale wala hakuuliza swali lolote la biashara. Alikula wali wake kimya huku akitutazama mmoja mmoja. Sisi tukadhani hapendi pilipili.

Siku ya maziko mzee alikuja na Kosta nzima ya watu wa kanisani kwake. Walikaa nje kwa adabu mpaka dua ikaisha, kisha akaomba nafasi ya kusema neno. Alisimama mbele ya jamaa zangu wote, amevua kofia, akasema kwamba kazi ya huyu ndugu haitalala. Kwetu msibani watu hawazungumzi kazi. Jamaa waliitikia kwa kuguna, wakaichukua kuwa pole ya mtu wa bara asiyejua taratibu. Hata mimi niliposimuliwa niliichukua hivyohivyo.

Kwa hiyo ile simu ya Tukuyu ilipokuja, mtu wa kwanza niliyemwambia alikuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu.

Alikuja alasiri, akakaa kwenye korido, upande wa pili wa pazia. Nilimsikia akivuta kiti na kuweka kofia yake sawa. Ana tabia ya kuigusa akiwa na wasiwasi.

"Shemeji," alisema, "huyu mtu ametuvua nguo. Sasa Rungwe nzima inajua kwamba kampuni ya mjane haina mwenyewe."

Hilo ndilo lililokuwa likinichoma mimi pia. Katika ukoo wetu biashara ni jambo la ndani. Baba mkwe aliuza vitambaa kuanzia Tunduma mpaka Iringa, na watu wake wote walikuwa ndugu au watu waliooa kwa ndugu. Walipeana bidhaa kwa mali kauli, neno la mdomo tu, na neno hilo lilisemwa barazani baada ya swala, kwa sauti ya chini. Mmoja wao akianguka, wenzake walimwinua kimyakimya, na mtaa ulimwona amesimama kana kwamba hakuwahi kuanguka. Kumtangaza aliyeanguka, hata kama unamsaidia, kulihesabiwa ni kumwangusha tena. Nimelelewa hivyo na sijaona ubaya wake.

Shemeji alikuwa na mpango. Binamu yao wa Tunduma angeichukua kazi yote mpaka nitoke, na pengine hata baada ya hapo, ili mali ibaki nyumbani. Yule mzee angeandikiwa na wakili asiikanyage tena Tukuyu.

"Binamu anajua parachichi?" niliuliza.

"Anajua mchele."

"Shemeji, mchele hauozi."

"Basi afadhali iharibike mikononi mwa ndugu," akasema, na najua alimaanisha wema.

Nilimwomba anipe siku chache. Kesho yake ujumbe wa yule mama wa Kiholanzi ukafika. Alinipa pole upya, kwa maneno mazuri, kisha akasema mkaguzi wao aliyeko nchini amepita Ipogolo na ameambiwa na mzee mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba mzigo wangu sasa uko kwake. Kwa mujibu wa mkataba, kampuni ikibadilisha mwenye kuiendesha, mkataba unasimamishwa. Alitaka kuzungumza nami kwa simu ya video siku ya Alhamisi. Nisipopatikana, wangesitisha kupokea matunda yangu.

Nilisoma ujumbe ule mpaka macho yakaniuma. Kwanza wakulima, sasa mnunuzi. Yule mzee alikuwa amemtangazia kila mtu mwenye masikio.

Nikampigia.

"Kamwene, mama," aliitikia, sauti ya taratibu, nyuma yake malori yakiunguruma.

"Kamwene, mzee. Nimesikia ya Tukuyu."

"Eeh. Pole sana, mama. Wewe pumzika. Sisi tupo."

"Nataka kujua unafanya nini na kazi yangu."

"Mama, mtu yuko kwenye msiba hatumsumbui na kazi. Ukitoka tutaongea. Hamna shida."

"Shida ipo. Unachukua nini kwangu?"

Nilimsikia akimwambia dereva azime lori. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imepoa. "Nachukua nini? Matunda yanatoka Tukuyu, yanakuja hapa, vijana wanayaweka kwenye katoni zako, jina lako, yanaondoka. Sasa nachukua nini?"

"Kama ni hivyo, kwa nini ulisema mbele ya watu?"

"Sasa ningesema wapi?" akauliza.

Hakuwa akinijibu kwa ujeuri. Alikuwa ameshangaa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapitia mlangoni. Tukaagana vibaya. Nilikaa na lile swali lake usiku kucha, nalichukia, na kila nikiligeuza naliona lina kitu ndani. Lakini mwizi naye angeweza kuuliza hivyohivyo. Shemeji nilipomsimulia asubuhi alicheka bila furaha. "Mwizi wa siku hizi anakuja na lori na mashahidi," akasema.

Nikampigia tena yule mwanamke wa Tukuyu, safari hii nikamsalimia vizuri, nikamwomba aniambie kila neno alilosema mzee, tangu mwanzo.

"Alisema wewe uko ndani kwa dini yenu, huwezi kutoka. Akasema mzigo utapita kwake. Halafu akasema tunda likipotea, tumdai yeye, tusikudai wewe. Akamsimamisha mwenyekiti wetu, ayarudie yale maneno yote ili tuone kama ameelewa. Halafu akauliza, mmesikia? Tukasema tumesikia."

"Hayo ya kumdai yeye mbona hukuniambia siku ile?"

"Ulikata simu, mama."

Hapo nikaanza kumwelewa mzee, ingawa moyo haukutulia. Kwake yeye, jambo alilomwambia mtu mmoja chumbani lilikuwa halijasemwa bado, kwa maana unaweza kulikana. Alikwenda kulisema mahali ambapo hatapata pa kukimbilia. Sisi tungemfunga mtu kwa undugu na Mholanzi angemfunga kwa saini. Huyu alikuwa amejifunga mwenyewe kwa masikio ya wakulima wa Tukuyu, watu ambao hata lugha yao haijui vizuri. Niliona ni jambo zuri. Niliona pia kwamba sina namna ya kumthibitishia mtu wa Uholanzi.

Alhamisi mama yangu alisimama mlangoni akihakikisha kamera ya simu imezimwa. Shemeji alikuwa kwenye korido. Kiingereza changu kinatosha kuuza parachichi, lakini siku ile niliomba kisiniangushe katika mambo mengine.

Mholanzi aliniuliza habari za watoto, kisha akaingia kwenye kazi. Watu wake huwa hawazunguki, na kusema kweli hilo nalipenda.

"Huyu bwana wa Ipogolo ni nani kwako? Ni mbia wako?"

"Hapana."

"Ni wakala? Unamlipa?"

"Hapana."

"Ni ndugu wa familia?"

Shemeji akakohoa upande wa pili wa pazia. Nilijua kikohozi kile kinasema nini. Ilitosha niseme simjui, ni mtu aliyevamia kazi yangu nikiwa msibani. Mkataba wangu ungekuwa salama siku hiyohiyo, na mengine yangekuwa ya mawakili. Ndiyo ilikuwa njia nyepesi kuliko zote, na nilikuwa nimechoka.

"Si ndugu," nikasema. "Ni mshindani wangu."

Nilisikia kalamu ikiwekwa mezani huko Uholanzi.

"Mshindani wako anapakia mzigo wako, kwa jina lako, na hapati chochote?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimefiwa. Mwakani anaweza kufiwa yeye."

"Una makubaliano naye unayoweza kunionyesha?"

"Hatuna. Alisema mbele ya wakulima wangu wote. Wapo. Mtumeni mkaguzi wenu akawaulize, kila mmoja peke yake."

Shemeji hakukohoa tena. Nilimsikia akiinuka, kiti kikaburuzwa, akaondoka bila kuniaga.

Mkaguzi alikwenda Tukuyu. Mwanamke yule aliniambia baadaye kwamba aliwachukua mmoja mmoja pembeni, na wote wakamwambia maneno yaleyale, mpaka mkaguzi akaudhika akidhani wamefundishwa. Lakini kule Uholanzi wakaridhika. Niliandikiwa kwamba kampuni bado ni yangu na mkataba unaendelea. Nilisujudu pale mkekani, nikalia, na mama akalia nami bila kujua sababu.

Malipo yakaanza kuingia, mzigo baada ya mzigo, bila kasoro. Shemeji aliendelea kuleta sukari na mkaa kila wiki, akiuliza hali kupitia pazia, wala hakumtaja tena mzee wa Ipogolo. Alikuwa amenuna. Kwake mimi nilikuwa nimemchagua mgeni, tena nimemchagua kwa sauti, na kwenye simu.

Eda ilipokwisha, safari yangu ya kwanza nje ya Mbeya ilikuwa ya Ipogolo, kushukuru na kuchukua kazi yangu. Nisingeweza kumwomba mtu mwingine anipeleke. Shemeji angeona nimemtupa kabisa. Aliendesha gari la marehemu kuanzia Mbeya mpaka Mafinga akizungumza habari za mvua tu. Tulilala kwa ndugu Iringa mjini, na asubuhi ya Jumapili tukateremka Ipogolo.

Mzee alitupokea ghalani, amevaa suti, katoka ibadani. Kanisa lao liko ng'ambo ya njia, na watu walikuwa bado wamejaa uwanjani. Alinikabidhi katoni zangu zilizobaki, zimepangwa vizuri. Alinionyesha pale matunda yangu yalipokuwa yakichaguliwa. Kila kitu kilikuwa sawa, safi, hakuna la kuuliza. Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi ya shukrani.

Kisha nikaona mlango wa chumba cha baridi uko wazi. Mtambo hauungurumi. Mzigo wangu wa mwisho ulikuwa umeshaondoka, lakini ndani hamna hata kreti moja ya kwake, na msimu wa Kilolo, kwa wakulima wake, ulikuwa haujakwisha.

"Mzigo wako uko wapi, mzee?"

"Mwaka huu tunapumzika kidogo," akasema, akaanza kuelekea nje.

Mke wake alikuwa ameleta chai. Aliweka sinia juu ya meza ya kuchagulia matunda, akamtazama mumewe, kisha mimi.

"Hatupumziki," alisema. "Wametukata."

Mzee alimwangalia, lakini mama yule hakunyamaza. Mkataba wao na Mholanzi ulikataza kuweka mzigo wa muuzaji mwingine kwenye chumba kimoja na wa kwao bila ruhusa ya maandishi. Baada ya mimi kuzungumza na Uholanzi, walimuuliza mumewe kama ni kweli mzigo wa mshindani uko ndani. Akasema ni kweli. Wakamkata wiki hiyohiyo. Tangu wakati ule matunda ya wakulima wao yalikuwa yakiuzwa barabarani kwa madalali, kwa bei ya kulilia, na chumba cha baridi kiliwashwa kwa ajili ya mzigo wangu peke yake.

Sikuweza kuishika chai. Niliona aibu, halafu aibu ikageuka hasira, na hasira ikamwelekea yeye, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu.

"Kwa nini hukusema? Wewe unayesema kila kitu mbele ya kila mtu?"

"La kwako nilitakiwa kulisema," akasema. "La kwangu nikilisema, naomba. Sijawahi kuomba, mama."

"Wakulima wako wanajua?"

"Wanajua nimekatwa."

"Wanajua kwa nini?"

Mkewe ndiye aliyejibu. "Wanasema umempiku. Wanasema mjane wa Mbeya amemzidi ujanja mzee wao."

Shemeji aliniita pembeni, karibu na gari. Alikuwa ameguswa, nilimwona. Lakini alikuwa ameguswa kwa namna yetu. "Shemeji, jambo hili tulimalize ndani," alininong'oneza. "Tumwachie mzee bahasha nzuri, tena nzuri kwelikweli, mimi mwenyewe nitaongeza. Turudi. Mtu asijue."

"Atairudisha."

"Basi tutaipitisha kwa mkewe."

"Shemeji, wakulima wake wanaamini nimemmeza. Bahasha itawaambia nini?"

Alishika kofia yake. Nikamwacha, nikamfuata mzee.

"Nipeleke kwa wakulima wako."

"Leo? Wako mnadani pale kanisani."

"Hapohapo."

Kwa Walutheri wa huko, watu huleta sadaka ya mavuno, na baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa uwanjani: mahindi, viazi, kuku aliyefungwa miguu. Mimi nilikuwa na baibui jeusi, katikati ya suti na vitenge vya Jumapili, na watu walinipisha kwa heshima ambayo haikuwa na joto. Walikuwa wananijua mimi ni nani. Mzee alimnong'oneza mnadi. Mnadi akamaliza kuuza jogoo wake, akaniashiria nisogee kwenye kipaza sauti.

Sijawahi kuzungumza mbele ya watu. Kwetu mwanamke aliyetoka eda hatoki na kwenda kusimama uwanjani, tena uwanja wa kanisa. Niliwaambia kilichotokea, tangu Tukuyu mpaka ile simu yangu na Uholanzi. Niliwaambia mzee wao amekatwa kwa kubeba mzigo wangu, na kwamba maneno yaliyomkatisha yalitoka mdomoni mwangu. Minong'ono ikapita kutoka nyuma hadi mbele. Kisha nikasema kwamba kuanzia kesho matunda yao yatakwenda kwenye ghala langu Ilomba kwa bei ile waliyokuwa wakiipata kwa Mholanzi, mpaka mzee atakaporudi kazini. Nikasema kwamba mnunuzi nitamwambia mwenyewe, kwa jina langu, bila kuficha. Akikataa, na mimi natoka kwake, na tutatafuta mwingine pamoja.

Nilikuwa nimeiweka kampuni yote mezani, kazi ya mume wangu na shule ya wanangu, mbele ya watu nisiowafahamu. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa.

Mwanamume mmoja mtu mzima, mkulima, akanyoosha mkono. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama anavyouliza mtu anayenunua ng'ombe.

"Mama, tumekusikia. Lakini wewe ni mgeni hapa. Mzee wetu alipokwenda Tukuyu alikuwa na watu wake, walisikia. Wewe kesho ukibadilika, sisi tutakwenda kwa nani? Nani wa kwenu amesikia haya?"

Hapakuwa na mtu wa kwetu uwanjani pale. Jamaa zangu wote, wa Mbeya, wa Iringa mjini, wa Tunduma, kila mmoja angenisaidia kwa siri siku hiyohiyo, na hakuna hata mmoja ambaye ningeweza kumwonyesha kwa kidole. Watu walikuwa wakingoja. Mnadi aligeuka kumtazama kuku aliyefuata.

Ndipo nikasikia mlango wa gari ukifungwa, ng'ambo ya njia.

Shemeji alivuka barabara taratibu, na kanzu yake nyeupe na kofia yake, mtu ambaye hajawahi kuingia kwenye uwanja wa kanisa wala kuzungumza biashara mbele ya asiye ndugu yake. Watu wakampisha mpaka akafika nilipo, akasimama kando yangu. Nilimsikia akihema.

"Mimi nimesikia," alisema. "Mimi ni shemeji yake."

Akainua mkono kugusa kofia, akauteremsha, akabaki amesimama vile huku wakulima wakimtazama usoni vizuri, ili wamkumbuke.